Kipandauso sugu: kabla hujaacha maharage na mayai, angalia saa zako za kulala na kula

Dada mleta mada, pole sana. Umesema kichwa kinakugonga upande mmoja zaidi ya nusu ya mwezi, kichefuchefu juu, malaria ukipima huna, panadol unameza kila siku, na sasa majirani wamekukataza maharage, mayai na ndizi. Unauliza uache chakula gani. Mimi nauza dagaa Igombe, hapa Mwanza, na kipandauso, yaani ugonjwa wa kichwa wa namna hiyo hiyo, ninacho tangu usichana.

Tuanze na hizo panadol. Kichwa kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, zaidi ya miezi mitatu mfululizo, na siku 8 au zaidi kati ya hizo zikiwa na dalili za kipandauso, madaktari wanakiita kipandauso sugu. Dawa za maumivu zenyewe zinaweza kukufikisha huko. Panadol au ibuprofeni siku 15 na kuendelea kwa mwezi, au vile vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini siku 10 na kuendelea, zinaanza kukuletea maumivu zenyewe: dawa ikiisha mwilini kichwa kinarudi, unameza tena. Zungumza na daktari akupangie namna ya kuzipunguza. Mwanzoni kitauma zaidi kabla ya kutulia, na wengi hurudia vidonge hapo hapo. Vumilia, tafadhali.

Malaria endelea kupima, Kanda ya Ziwa tunaijua. Ila kipimo kikionyesha huna, usinywe dozi eti kwa kuwa kichwa kinauma.

Vyakula sasa. Pombe nakubali, inawachokoza wengi. Hizo orodha ndefu za kukatazwa siziamini. Hamu ya ghafla ya kitu kitamu, kupiga miayo hovyo, shingo kukaza, mara nyingi ni kipandauso kimeshaanza, saa nyingi kabla ya maumivu. Unakula biskuti, kichwa kinauma, unailaumu biskuti bure.

Mimi kilichonifungua macho ni daftari la mauzo. Pembeni ya hesabu nilikuwa naandika nimelala saa ngapi, nimekula saa ngapi, kichwa kimeanza lini. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika. Kipindi cha giza naamka usiku kuwahi mitumbwi, na mbalamwezi ikija nilikuwa nalala mpaka jua limewaka. Daftari likaonyesha kichwa kinanilaza zaidi zile siku za kwanza za mapumziko! Ubongo wa mwenye kipandauso haupendi kubadilishiwa mambo: kufidia usingizi kwa mkupuo, kuruka mlo, kukosa chai uliyoizoea, hata mawazo ya biashara yakishatulia ghafla.

Kwa hiyo siku hizi, giza au mbalamwezi, sizidishi saa moja kwenye muda wangu wa kuamka. Jioni nalala mapema, simu naiacha sebuleni. Uji nakunywa kabla ya kushuka mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, hata kama ni nusu kikombe, na chupa ya maji hainiachi. Mchana natembea kwa miguu badala ya boda. Jua likipanda, dagaa walioanikwa wanang'aa kama bati jipya, na mwanga wa ziwa unanichoma jicho la kushoto. Navaa kofia pana na kukaa nimeyapa maji mgongo. Sijapona, kipandauso hakiponi hivyo, lakini siku mbaya zimepungua sana na watoto wangu wananiona nikiwa mzima.

Hilo daftari nenda nalo kwa daktari. Kuna dawa za kuzuia zinazonywewa kila siku, kama propranololi au amitriptilini, na atachagua kulingana na hali yako. Kama una pumu mwambie mapema, propranololi haikufai. Ukiona vimulimuli au mistari ya mwanga kabla ya maumivu, mwambie pia nesi wa uzazi wa mpango, kwa sababu vidonge vyenye estrojeni vinaongeza hatari ya kiharusi kwa watu wa hivyo. Na kichwa kikija ghafla kwa ukali usiowahi kuusikia, au kikaambatana na homa na shingo ngumu, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri kuche.