Kabla wakaguzi wa ubora hawajafika kwenye zahanati yenu

Nimefanya kazi ya uuguzi kwenye zahanati za vijijini huku Dodoma kwa miaka mingi, na kila inapokaribia tathmini ya ubora naona jambo lile lile. Kuta zinapakwa rangi, mabango yanabandikwa, halafu wakaguzi wakishaondoka matokeo yanafungiwa kabatini. Ndugu zangu wafawidhi mnaoongoza vituo, hapo tunajipunja wenyewe na tunawapunja wagonjwa.

Tathmini ya nyota, ile inayopima ubora wa kituo na kukipa nyota kuanzia sifuri hadi tano, ilipoanza mwaka 2015, karibu theluthi moja ya vituo vya afya ya msingi nchini vilipata nyota sifuri. Iliporudiwa 2017/18 vituo vya sifuri vilipungua sana, na kwa nilivyoona mimi, rangi ya ukuta haikuchangia chochote. Kilichosaidia ni mpango wa uboreshaji unaoandaliwa baada ya alama: pungufu gani, nani alishughulikie, lini. Wizara ya Afya inaweka viwango, TAMISEMI inasimamia vituo, lakini wa kumpigia simu leo ni mratibu wa ubora kwenye timu ya afya ya halmashauri yenu. Mtafuteni. Kumwalika aje kuona hali ilivyo si kujichongea.

Halafu maji. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kituo kisicho na gata wala simtanki kinaishi kwa madumu mwaka mzima. Hizo ni fedha, kwa hiyo ziingizeni kwenye bajeti ya kituo mapema, kabla halmashauri haijafunga mpango wa mwaka unaoanza Julai 1. Tangu 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi ina sauti juu ya matumizi yake. Wapelekeni wajumbe chumba cha kuzalishia. Wakimwona mkunga ananawa kwa kikombe kabla ya kumpokea mtoto, hamtabishana sana.

Yasiyo na gharama yasisubiri bajeti. Sanduku la sindano lifungwe likifika robo tatu. Nimeshaona lililofurika, sindano zimechomoza juu, dada wa usafi amelikumbatia kifuani akielekea kwenye kichomea taka. Jiki ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa sita vya maji ili kupata asilimia 0.5 ya kusafishia damu iliyomwagika. Kiandikeni kwa kalamu nene ukutani, maana zamu ya usiku hakuna wa kumuuliza.

Vituo binafsi na vya mashirika ya dini vina pia njia ya SafeCare, mfumo mwingine wa kupima ubora wenye ngazi 5, kupitia APHFTA (chama cha vituo binafsi vya afya) na CSSC (tume ya makanisa ya huduma za jamii).

Wakaguzi wakirudi, kitu cha kwanza kuwakabidhi kiwe mpango wa awamu iliyopita: yaliyofanyika yametiwa tiki, yaliyobaki yana tarehe na jina la mhusika.