Kiinua mgongo kiende kwenye asali, ila kwa ndoo moja moja

Swali la wiki liliuliza: ukipunguzwa kazini ukabaki na kiinua mgongo tu, ungejiajiri katika nini hapo ulipo? Kwa aliye Tabora, jibu langu ni asali. Sisemi kufuga nyuki. Mzinga unaweza kutundikwa ukakaa msimu mzima bila kundi kuingia, na mtu aliyekatikiwa mshahara hana muda huo. Nasema kununua, kuchuja, kufungasha na kuuza. Asali ipo Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui. Anayehitajika ni mtu wa kuipima na kuisafisha kwa uaminifu.

Kwanza fedha. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Hata aliyetumikia miaka 15 anastahili siku 70 tu, labda mkataba wake uwe na nafuu zaidi. Ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani, na inaniuma kukiona kimeishia kwenye pikipiki ndani ya wiki moja. Kama umechangia NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, angalau miezi 18, fuatilia fao la kukosa ajira, ambalo ni theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Hilo liwe la unga na kodi ya nyumba, lisiguswe na biashara. Na kama unaamini umeachishwa kwa uonevu, lalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Zisikuishie ukiwa porini unatafuta asali.

Msimu mkubwa huangukia kiangazi, kuanzia Juni hivi. Ukipoteza kazi Desemba usikimbilie kununua, kwa sababu asali inayozunguka wakati wa mvua mara nyingi imerinwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta, na ambayo haijazibwa ina maji mengi. Miezi hiyo itumie kupata TIN (namba ya mlipakodi), kuulizia mafunzo mafupi Chuo cha Ufugaji Nyuki hapo mjini, na kutafuta rifraktomita ya asali, kifaa kidogo kinachoonyesha asilimia ya maji. Iwe ya asali hasa. Zile za juisi zina vipimo vingine.

Kifaa hicho ndicho mtaji wenyewe. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 itachachuka: itatoa povu, itavimbisha kifuniko, itanuka kama pombe. Kwa kuweka muda mrefu, mimi nisingenunua iliyozidi 18. Namna ya kupima ni hii. Asali yenye maji hupanda juu ya ndoo na nzito hukaa chini, kwa hiyo anayechota juu tu au chini tu anajidanganya. Koroga hadi chini kwa mti mkavu, taratibu, kisha chukua tone. Liweke kwenye kioo, funika, subiri nusu dakika lipate joto la kifaa, elekeza kwenye mwanga, soma pale rangi mbili zinapokutana. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha, rudia kwa ndoo inayofuata. Kila ndoo, hata kama muuzaji ni mjomba wako. Njiti ya kiberiti, mchanga na sisimizi havipimi kitu.

Baada ya kupima, onja. Ladha ya moshi mkali inaonyesha ilirinwa kwa mwenge badala ya bomba la kufukizia nyuki moshi, na haiondoki kwa kuchuja. Uchachu na weupe wa maziwamaziwa ni majana, yaani watoto wa nyuki, yaliyokamuliwa pamoja na masega. Uliza pia mizinga iko wapi. Iliyo jirani na mashamba ya tumbaku yanayopuliziwa dawa iache. Ndoo iwe ya chakula, isiwe iliyowahi kubeba rangi, na debe la bati usilikubali kwa kuwa asali ina asidi na huvuta kutu.

Nyumbani, chuja mara mbili: kwanza chekeche la matundu makubwa, halafu kitambaa cha nailoni. Acha itulie siku mbili ikiwa imefunikwa kabisa, maana asali hunyonya unyevu wa hewa, kisha engua povu na vipande vya nta vilivyopanda. Nta usiitupe. Iyeyushe ndani ya maji ya moto, usiiweke moja kwa moja juu ya moto, na usitumie sufuria ya chuma cha kawaida, itaifanya nyeusi.

Wengi huumia kwenye vipimo. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ina kilo 28. Ukinunua kilo kwa 7,000, lita imekugharimu 9,800 kabla ya chupa, lebo na nauli. Anayenunua kwa kilo akauza lita kwa 9,500 akidhani anapata faida, anagawa mtaji wake. Ndoo pia haitoi chupa 40 za nusu lita. Povu na inayonata kwenye vyombo hupunguza, panga kwa 37.

Asali nzuri huweza kuganda, na mteja atasema umeweka sukari. Andika kwenye lebo kwamba ikiganda chupa iwekwe kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 40 hivi. Kuhusu alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango), anzia ofisi ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) upate barua ya utambulisho, kwa sababu ina nafuu ya gharama kwa mjasiriamali mdogo.

Anza na ndoo mbili. Ya tatu inunuliwe kwa fedha ya mauzo, na dukani usiache mali kauli, ya kulipwa ikishauzwa, zaidi ya chupa sita. Kutoka kila ndoo tunza chupa moja yenye tarehe na jina la kijiji. Mteja akirudi baada ya miezi mitatu kulalamika, fungua ile yako. Ikiwa na povu, mrudishie fedha na usinunue tena kwa mrinaji yule. Ikiwa nzima, muulize aliihifadhi wapi na kama kifuniko kilikazwa.

Msomaji, Tabora