Maswali Yenu: Mtafiti Anapotaka Kuzungumza na Mwanao

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu tafiti za familia na vijana: wahojaji mlangoni, fomu za shuleni, semina za malezi. Tumechagua tano.

Wamekuja wadada wawili wenye vitambulisho, wanasema wanafanya utafiti wa maisha ya vijana. Wanataka kumhoji binti yangu wa miaka 15, lakini mimi nikae mbali. Kwa nini nisisikie mwanangu anaulizwa nini? (Mzazi, Kahama)

Una haki ya kukataa. Hata ukikubali, binti naye anaweza kukataa, kwa sababu kwa mtoto wa chini ya miaka 18 zinatakiwa ridhaa mbili, ya mzazi au mlezi na ya mtoto mwenyewe. Yako haifuti yake. Anaweza pia kuruka swali lolote au kuondoka katikati ya mahojiano.

Kuhusu kusikiliza, tuseme wazi: mtoto akihojiwa mbele ya mama hutoa majibu ya mbele ya mama. Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto mwaka 2009, wakahojiwa vijana wa miaka 13 hadi 24, na matokeo yakatangazwa 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Majibu kama hayo hayatoki sebuleni huku mjomba anasikiliza redio. Ndiyo maana katika tafiti za aina hii wasichana huhojiwa na wanawake, wavulana na wanaume, na mitaa wanakohojiwa wasichana hutengwa na ile ya wavulana, ili aliyetendwa na aliyemtenda wasije wakaulizwa mambo yale yale mtaa mmoja. Mtu akitokea ghafla, mhojaji aliyefunzwa vizuri huhamia maswali mepesi ya shule au michezo mpaka mtu huyo apite. Mwenye nyumba naye huelezwa kwa jumla tu kwamba ni utafiti wa afya, elimu na maisha ya vijana. Akisomewa kila swali, na kumbe yeye ndiye anayemtesa mtoto, kipigo kitafuata wageni wakishaondoka.

Faragha lakini haina maana ya kutoweka na mtoto. Mahali panapofaa ni pale unapowaona bila kuwasikia, tuseme chini ya mwembe upande wa pili wa uwanja. Wakitaka kumpakia kwenye gari, kumpiga picha au kupewa namba ya NIDA, sitisha hapo hapo. Na kabla hawajaanza, omba barua ya utambulisho iliyopitia kwa mtendaji, cheti cha maadili (kwa utafiti wa afya Tanzania Bara hutolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu; Kenya mtafiti huhitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), na nakala ya fomu ya ridhaa itakayobaki kwako. Fomu hiyo iwe na namba mbili za simu, ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili iliyoupitisha utafiti. Piga ya pili. Watu wengi hupiga ya kwanza, ambayo bila shaka itapokelewa na mtu wa mradi huo huo.

Waulize pia: mtoto akisema yuko hatarini, mnampeleka kwa nani? Wasipoweza kukutajia afisa ustawi wa jamii au kituo cha afya wanachoshirikiana nacho, hawajajiandaa kumhoji mtoto wa mtu.

Shule ilimjazisha kijana wangu wa miaka 14 fomu ya maswali 25. Nimeambiwa amepata alama 18 na kwamba "ana tatizo la akili". Sijalala tangu siku hiyo. (Baba wa watoto watatu, Mombasa)

Kwa maelezo uliyotuandikia, fomu hiyo ni SDQ, hojaji ya hisia na tabia za watoto aliyoichapisha daktari wa magonjwa ya akili Robert Goodman huko Uingereza mwaka 1997. Inachuja, haitambui ugonjwa. Aliyekwambia mwanao ana tatizo la akili kwa sababu ya namba peke yake amevuka mpaka.

Tuihesabu pamoja. Maswali 25 yamegawanyika makundi matano ya maswali matano: hisia, mwenendo, kutotulia, uhusiano na wenzake, na moyo wa kusaidia watu. Kila jibu hupewa 0, 1 au 2. Kundi la mwisho haliingii kwenye jumla, kwa hiyo alama za juu kabisa ni 40.

Sasa muulize mwalimu kwanza ni nani aliyejaza. Kwa mpangilio wa awali wa Uingereza, fomu iliyojazwa na mzazi huhesabiwa kuwa juu kuanzia 17, lakini aliyojaza kijana mwenyewe huanzia 20, na 16 hadi 19 ni eneo la katikati. Kama kijana wako alijaza mwenyewe, 18 iko katikati, na haikupaswa kusomwa kwa mizani ya mzazi.

Kisha omba kuiona fomu yenyewe. Maswali matano huhesabiwa kinyume, kwa mfano lile la kuwa na rafiki mzuri angalau mmoja: "kweli kabisa" hapo ni 0, si 2. Anayejumlisha kwa haraka husahau, na mtoto mtiifu, makini, mwenye marafiki anaweza kuongezewa alama 10 zisizo zake.

Yapo pia mambo ambayo mizani ya Uingereza haikuyapima. Swali moja linahusu kuumwa kichwa na tumbo mara kwa mara. Mtoto mwenye malaria ya kujirudia au minyoo atapata alama za hisia kwa sababu ya mwili. Jingine linahusu kutii, na mtoto anayetii kwa kuogopa fimbo atahesabiwa hana shida. Hojaji inauliza miezi sita iliyopita, kwa hiyo msiba au kuhama shule katika kipindi hicho kutaonekana humo.

Baada ya kuhakiki hesabu, tazama maisha yake. Analala? Anakula? Ameacha jambo alilolipenda? Masomo yameshuka? Hali ikiwa hivyo kwa wiki kadhaa, mpeleke kwa mhudumu wa afya ya akili hospitali ya kaunti, alama ziwe 18 au 8. Akizungumzia kufa au kujidhuru, nendeni siku hiyo hiyo.

Je, ni halali mtafiti kumlipa mtoto? (Mwalimu, Tanga)

Nauli, soda au daftari, sawa, mradi kamati ya maadili imeona kiasi hicho na mtoto anakipata hata akiacha maswali nusu. Fedha inayozidi kibarua cha siku inanunua ridhaa.

Hizi semina za malezi zinasaidia kweli, au ni posho tu? (Mama wa Moshi)

Baadhi zimepimwa vizuri. Sinovuyo Teen, semina ya malezi ya wazazi na vijana wao, ilipimwa Eastern Cape, Afrika Kusini, kwa familia 552 katika maeneo 40 yaliyopangwa kwa bahati nasibu, na matokeo yakachapishwa 2018. Tanzania mpango huo uliboreshwa na kuitwa Furaha Teens. Huko Afrika Kusini mzazi na kijana walikuwa na vikao 14 vya kila wiki: muda wa pamoja, kusifu, kudhibiti hasira, kanuni za nyumbani, bajeti ya familia, usalama wa kijana. Asiyehudhuria alifuatwa nyumbani.

Miezi 5 hadi 9 baadaye, kwa maelezo ya wazazi, viboko vilikuwa vimepungua karibu nusu. Angalia hayo maneno, "kwa maelezo ya wazazi". Aliyefundishwa wiki 14 kutopiga anajua jibu linalotakiwa. Hata hivyo vijana nao walisema wazazi wamekuwa karibu nao zaidi na wanawafuatilia vizuri zaidi, na hilo tunalipa uzito. Utukutu wenyewe wa vijana haukubadilika kwa namna ya wazi. Kwa hiyo nenda ukitafuta kuacha kupiga na kuanza kuzungumza, usiende ukitarajia kurudishiwa mtoto mpya. Semina ya siku moja yenye hotuba na chai ni kitu kingine kabisa.

Kikundi chetu cha vijana kinataka kupima msongo wa mawazo katika mtaa wetu wenye kaya 600. Tuanzie wapi? (Katibu, Mwanza)

Msitume fomu kwenye kundi la WhatsApp. Mtapata wenye bando na wenye la kusema. Chukueni orodha ya kaya kwa mwenyekiti wa mtaa, pigeni kura ya namba kati ya 1 na 10, anzieni hapo, kisha hojini kila kaya ya kumi. Mtapata 60. Pasipo na mtu, rudini jioni, la sivyo mtawakosa vijana wote wanaofanya kazi na mtaa utaonekana wa wanafunzi na wagonjwa.

"Wazazi wako wanakupenda na kukusikiliza?" ni maswali mawili, yatenganisheni. Wekeni muda, mfano "wiki mbili zilizopita". Jaribuni kwanza kwa watu wanane wa mtaa mwingine. Katika ripoti msitaje kundi lenye watu wachache: "msichana yatima wa miaka 16 karibu na msikiti" ni sawa na kumtaja jina. Na swali la kujiua liacheni kabisa kama hamna mtaalamu atakayempokea mtu siku ile ile anapojibu ndiyo. Kwa walio chini ya miaka 18, kila mhojaji awe na namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure Tanzania na Kenya.