Chenga za mkate juu ya makaroni ya jibini zinalowa

Pole ndugu. Umesema unanyunyiza chenga za mkate juu ya makaroni, unaoka nusu saa, na bado zinatoka zimelowa. Shida ni kwamba zinaingia kwenye oveni zikiwa mbichi, bila mafuta, na mvuke wa mchuzi wa jibini unazilainisha kabla hazijapata rangi.

Zikaange kwanza. Chukua mkate wa juzi uliokauka kidogo, uufikiche kwa mkono upate chenga zisizolingana, nyingine kubwa kama punje za mchele. Hizo kubwa ndizo zinazolia menoni. Kwa kila kikombe cha chenga, yeyusha vijiko 2 vikubwa vya siagi kwenye kikaango, moto mdogo, ukoroge bila kuacha mpaka ziwe rangi ya dhahabu. Zitoe mara moja kwenye kikaango, maana chuma kikishapata moto kinaendelea kuunguza hata ukizima jiko. Zikipoa, changanya na jibini gumu lililokunwa. Mimi huongeza na kitunguu saumu kidogo.

Makaroni yaoke peke yake kwanza. Chenga zinyunyize dakika 10 za mwisho, nyuzi 200 za Selsiasi, na usiyafunike hata kidogo.

Tahadhari: bakuli la kioo usiliweke chini ya grili (moto wa juu wa oveni), linaweza kupasuka. Na ukitaka kuongeza karanga zilizopondwa, waulize walaji kwanza, kwa sababu mzio wa karanga unaweza kuua.