Maswali ya Gereji: Turbo kwenye Pikapu Isiyotoka Nayo Kiwandani

Maswali ya siku hizi karibu yote ni turbo. Nimechagua machache yanayowagusa wengi. Wenye maswali ya gia boksi mniwie radhi, zamu yenu inakuja.

Salamu fundi. Nina Hilux ya dizeli, injini ya aina ya 5L, haina turbo. Nabeba samaki kutoka Shimoni hadi Kongowea, na siku nyingine saruji kupeleka Kaloleni. Nikiupanda mlima wa Mazeras na mzigo, hata malori yananipita. Kuna fundi anataka kunifungia turbo ya mtumba, anasema nguvu itakuwa mara mbili. Ni kweli? – Mwenye pikapu, Bamburi, Mombasa

Mara mbili si kweli, kaka. Kwa 5L, turbo iliyofungwa kwa uangalifu itakuongezea robo ya nguvu, ikizidi sana theluthi. Hiyo si haba. Mazeras utaipanda kwa gia ambayo leo huithubutu. Anayekuahidi zaidi ya hapo muulize injini itadumu muda gani, kisha umtazame usoni anapojibu.

Turbo peke yake haileti nguvu. Moshi unaotoka kwa kasi kwenye eksosi unazungusha panga upande mmoja, panga hilo linazungusha jingine upande wa pili, na hilo la pili linasukuma hewa ndani ya silinda. Shafti inayoyaunganisha inaweza kupita mizunguko laki moja kwa dakika. Lakini injini ya dizeli inapata nguvu kwa dizeli inayoungua, na hewa ni ya kuiwezesha iungue yote. Ukifunga turbo ukaacha pampu ya dizeli ilivyokuwa, utakachoona ni moshi kupungua na wepesi kidogo, basi. Ndipo fundi anapozungusha skrubu ya nyuma ya pampu ili dizeli iongezeke, na hapo ndipo faida na hasara zinapoanzia.

Hasara ni joto. Injini yako ina cc 2,986 na iliundwa kuvuta hewa yenyewe, kwa hiyo inaibana hewa hiyo zaidi ya mara 22 ili dizeli iwake. Ukiisukumia hewa ya ziada, shinikizo ndani ya silinda linapanda, na wa kwanza kulipia ni gasketi ya hedi, halafu hedi yenyewe inapata ufa, halafu pistoni. Pistoni ni ya alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Moshi wa injini iliyozidishiwa dizeli unaweza kupita joto hilo ukiwa bado uko katikati ya mlima. Kinachoiokoa pistoni ni oili na maji vinavyoipoza. Injini nyingi zilizotoka na turbo kiwandani zina vipulizio vya oili chini ya pistoni kwa kazi hiyo. Muulize fundi wako kama yako inavyo. Akikuuliza "vipulizio gani?", chukua funguo zako, muage kwa heri.

Ukiamua kufunga, haya usiyalegezee. Msukumo wa turbo uishie psi 7 au 8 (psi ni kipimo cha shinikizo). Weka geji ya joto la moshi, sindano yake ya kupimia itobolewe tundu kwenye manifoldi ya moshi (bomba linalokusanya moshi wa silinda) kabla ya turbo, si baada yake, na ukiona inakaribia nyuzi 700 punguza mguu. Skrubu ya pampu izungushwe robo kwa robo, na kila robo gari lipandishwe mlima likiwa na mzigo wa kweli. Kujaribu likiwa tupu barabara ya Nyali hakukuambii kitu. Moshi mweusi ukitoka mfululizo, dizeli imezidi, rudisha nyuma. Wako vijana wanaouona moshi ule kuwa ndio nguvu. Ule ni dizeli uliyoilipia ukaitupa njiani, na aliye nyuma yako akaivuta.

Kisha bomba la oili. Oili ya kuingia kwenye turbo mafundi huichukua kwenye tundu la swichi ya presha ya oili, na hiyo ni sawa. Tatizo huwa ni bomba la kurudisha. Liwe pana, literemke moja kwa moja bila kupinda juu, na liingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likiwa jembamba au likiingilia chini ya oili, oili itarudi nyuma na turbo itaanza kuvuja hata kama ni mpya kabisa. Fundi aliyezoea kazi hii hutoa sampu chini ndipo achomelee kiungio. Anayetoboa sampu ikiwa kwenye gari anaacha vyuma ndani ya oili yako.

Lakini kabla ya yote hayo, ndugu yangu, pikapu yako ina nguvu yake yenyewe yote? Filta ya dizeli imebadilishwa lini? Nozeli zimepimwa? Ea klina (filta ya hewa) ukiipiga mkononi inatoa vumbi la Taru? Ukitoka safari, gusa rimu za nyuma moja moja, kwa uangalifu. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, breki inashika na umekuwa ukiipanda Mazeras huku umevuta breki. Pima pia kompreshani, yaani nguvu ya kubana hewa, ya silinda zote nne. Ikiwa moja iko chini ya nyingine, usifunge turbo. Injini hiyo inaomba oveholi. Wengi waliokuja kwangu kutaka turbo, ukishawatengenezea hayo, hawairudii tena hadithi ya turbo.

Shemeji yangu wa Nairobi alifunga turbo kwenye Hilux kama yangu na anaisifu sana. Kwa nini wewe unaonekana kusita? – Mikindani

Kwa sababu shemeji yako yuko juu na wewe uko usawa wa bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huko limepungua karibu moja ya tano. Injini isiyo na turbo ikiwa huko inakuwa imeshapungukiwa hewa, kwa hiyo turbo inamrudishia alichonyang'anywa kisha inamwongezea. Wewe Mikindani unavuta hewa nzito bure. Utaona tofauti, ila si kama yake.

Tena hewa yetu ni ya moto. Hewa ya nyuzi 32 ikibanwa na turbo kwa psi 8 hutoka ikiwa karibu nyuzi 90, na hewa ya moto imetanuka, haibebi oksijeni kama inavyopaswa. Ndiyo maana huku pwani intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, si pambo. Iwekwe mbele inapopata upepo, na isiizibe radieta, maana foleni ya Kibarani saa nane mchana haina upepo wowote.

Mimi sina shida ya mzigo. Nataka kasi tu. Pikapu yangu inaishia 130. Turbo itanifikisha 180? – Kijana, Kisauni

Haitakufikisha. Upepo unaoukata haupandi sawa na kasi: nguvu unayohitaji kuushinda hupanda kwa kasi mara kasi mara kasi. Ukiongeza nguvu kwa theluthi, 130 inakuwa 143 hivi, na hapo gia ziwe zinaruhusu. Na pikapu ina uso wa kabati, upepo hauipendi.

Halafu nikuulize, kijana wangu: ukifika 143 utasimama na nini? Hilux hizi zina breki za ngoma nyuma na springi za majani, na ikiwa tupu nyuma inarukaruka tu. Barabara kuu iliyotenganishwa katikati, ukomo wake kwa magari madogo ni 110, na ndani ya mji 50. Pesa ya turbo inunulie tairi nne nzuri, diski mpya za mbele na shokamzoba. Utafika Mtwapa mapema zaidi kuliko sasa kwa sababu hutaogopa kona.

Pikapu yangu ni ya petroli, 2.0. Naweza kufunga turbo? – Likoni

Usifunge. Petroli ikibanwa sana na kupata joto huwaka kabla ya plagi kuiwasha, pistoni inapigwa ikiwa bado inapanda, na injini inakufa kwa dakika chache. Kuzuia hilo kunataka nozeli kubwa, kompyuta iliyopangwa upya na mara nyingi pistoni nyingine. Uza, ununue ya dizeli yenye turbo yake.

Nimepewa turbo mbili nichague: CT20 ya Toyota, ya mtumba, iliyotoka kwenye injini ya 2L-T ya Japani, na mpya isiyo na jina. Nichukue ipi? – Changamwe

Mimi ningeanza na ya mtumba, kwa kuwa 2L-T na 5L ni za ukoo mmoja na CT20 imezoea kazi hiyo. Lakini ikague kwa mkono wako. Toa hozi ya hewa, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Isukume mbele na uivute nyuma: isicheze hata kidogo ya kuhisika. Itikise kushoto na kulia: kucheza kidogo sana ni kawaida, lakini panga likigusa ukuta, achana nayo. Izungushe; izunguke laini bila kukwaruza. Tazama ncha za mapanga kwa tochi. Zilizoliwa au kupinda zimemeza mchanga au nati. Muuzaji akikataa usiifungue, mwachie mwenyewe.

Fundi, mimi ni mama wa biashara, nina pikapu ya Isuzu D-Max yenye turbo ya kiwandani. Inakula oili na asubuhi inatoa moshi wa buluu. Dereva anasema turbo imekufa, ninunue nyingine. – Mtwapa

Dada, usinunue kwanza. Mwambie fundi atoe hozi inayotoka kwenye turbo kwenda intakula. Utandu mwembamba wa oili ndani yake ni kawaida. Oili ikiwa imetuama, kuna shida, lakini huenda si ya turbo. Ea klina iliyoziba huifanya turbo inyonye oili kupitia sili zake. Bomba la kurudisha oili likiziba kwa masizi, mambo ni yale yale. Hivyo viwili ni rahisi, vikaguliwe leo. Kama hozi ni kavu na moshi wa buluu bado upo, tafuta kwenye sili za valvu na ringi.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Turbo ikimwaga oili nyingi kwenye njia ya hewa, injini ya dizeli inaweza kuanza kuunguza oili hiyo badala ya dizeli. Inapanda mizunguko yenyewe, inanguruma, moshi unafunika barabara, na ukizima swichi haizimi. Mfundishe dereva wako: kama ni gari la manyuali, akanyage breki kwa nguvu zote, aweke gia ya juu kabisa, aachie klachi ghafla ili injini ife. Ikishindikana, azibe mdomo wa hewa kwa ubao. Mkono asitie. Na asisimame mbele akitazama.

Ni lazima nisubiri kabla ya kuzima gari lenye turbo? – Ng'ombeni

Ukitoka kuupanda mlima wa Kwale kwa nguvu, ndiyo, liache lingurume dakika moja au mbili ili oili ipoze beringi. Ukizima ghafla, oili iliyobaki humo inaungua inakuwa masizi. Ukitoka kwenye foleni ya feri, zima tu. Foleni imeshakupoza.

Bima na NTSA wanahitaji kujua? – Jomvu

Bima wajulishe kwa maandishi na uweke nakala ya jibu lao. Kampuni ikigundua badiliko hilo baada ya ajali, umewapa sababu ya kukataa kulipa. Kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ukibadilisha injini nzima, mfano kuitoa 5L ukaweka 1KZ (injini nyingine ya dizeli ya Toyota), namba mpya ya injini lazima iingizwe kwenye rekodi ya gari. Na kusema kweli, kwa anayepanda milima na mzigo kila wiki, 1KZ iliyotoka na turbo yake ndiyo njia ninayoipendelea kuliko kuitesa 5L.

Turbo yangu inapiga mluzi mkali kuliko zamani, na nguvu imepungua. Vijana wanasema ndiyo imechanganya. – Magongo

Huenda imepasuka hozi au klipu imelegea. Mluzi wa turbo nzima ni mwembamba na hupanda taratibu. Paka povu la sabuni kwenye maungio yote kutoka turbo hadi intakula hadi manifoldi, mtu akanyage mafuta gari likiwa limesimama, wewe tazama povu linapopeperuka. Mara nyingi ni ile hozi fupi ya kona iliyo karibu na betri.