Mita inasoma sifuri, harufu ya mayai viza haiishi: nani mkweli?

SWALI: Naishi kama kilomita mbili kutoka kiwanda cha karatasi kinachopika magogo chenyewe. Karibu kila alfajiri hewa inanuka mayai viza, na siku nyingine kabichi iliyooza. Kiwanda kilituonyesha ripoti kwamba gesi za salfa kwenye dohani ni wastani wa ppm 4, na kikomo chao ni 5. Nikanunua kifaa cha kupima haidrojeni salfaidi, kile cha kubana kifuani. Kinasoma 0 hata harufu ikiwa imeshamiri. Je, ripoti ni ya uongo, kifaa ni kibovu, au pua yangu inanidanganya?

JIBU: Huenda hakuna mwongo hapo. Ripoti, kifaa na pua vinapima vitu tofauti, mahali tofauti, na kwa kiwango tofauti kabisa.

Tuanze na kifaa, maana jibu lake ni fupi. Vifaa vya kubana kifuani vimetengenezwa ili mtu anayeingia kwenye tangi au shimo asife humo. Vinasoma kwa ppm, yaani sehemu kwa milioni, na vingi havioni chochote chini ya ppm 1. Vizuri zaidi hufika sehemu ya kumi ya hapo. Pua huanza kuihisi haidrojeni salfaidi ikiwa sehemu chache tu kwa bilioni (ppb), na ppm 1 ni sawa na ppb 1000. Hewa yenye ppb 40 itakufanya ufunge madirisha, na kifaa kitasoma 0 bila kosa lolote. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba, ili watu wasikerwe na harufu, gesi hii isizidi mikrogramu 7 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa dakika 30. Hiyo ni kama ppb 5. Kifaa chako hakikukusudiwa kufika huko.

Tena, hiyo kabichi iliyooza si haidrojeni salfaidi. Kiwanda cha aina hii hupika vipande vya mbao kwa kostiki soda na sodiamu salfaidi, kwenye joto la takriban nyuzi 170 za Selsiasi, ili kuyeyusha lignini inayoshikilia nyuzinyuzi. Wakati wa kupika, salfa hunyakua vipande vidogo vya lignini na kuzaa methili merkaptani na dimethili salfaidi. Hizo ndizo zenye harufu ya kabichi. Ukiongeza haidrojeni salfaidi na dimethili daisalfaidi unapata gesi nne ambazo wapimaji huzihesabu kwa pamoja na kuziita TRS. Kwa hiyo ppm 4 ya ripoti ni jumla ya gesi hizo, si gesi moja uliyokuwa ukiitafuta.

Sasa dohani. Boila inayochoma maji meusi yaliyobaki baada ya kupika, ili kurudisha kemikali, ndiyo inayofuatiliwa zaidi. Mtambo wa kupima huvuta gesi mfululizo kutoka ndani ya dohani kupitia mrija unaopashwa moto. Gesi hupitishwa kwanza kwenye kimiminika cha sitrati, ambacho hukamata dioksidi ya salfa na kuziacha gesi za TRS zipite. Kisha hupita kwenye tanuri dogo la nyuzi 800 hivi, ambamo salfa yote iliyobaki huungua ikawa dioksidi ya salfa, na hiyo ndiyo inayosomwa kwa mwanga wa urujuanimno. Kwa maneno mengine, mtambo huondoa dioksidi ya salfa ya mwanzo, hutengeneza nyingine kutokana na gesi zinazonuka, halafu huihesabu hiyo ya pili.

Kila hatua ina mahali pa kuharibikia. Sitrati ikichoka, dioksidi ya salfa ya mwanzo inapenya na namba inapanda bila sababu. Mrija ukipoa, mvuke unageuka maji, sehemu ya gesi inabaki humo, na namba inashuka. Hili la pili ndilo la kuangaliwa sana, maana namba ndogo haimshtui mtu. Ndiyo sababu gesi ya kusahihishia, yenye kiwango kinachojulikana, inatakiwa kuingizwa kwenye ncha ya mrija kule juu dohanini, ikapita njia ile ile ya sampuli. Fundi anayeiingiza nyuma ya mtambo chumbani amejaribu mtambo tu. Mrija mzima hajaugusa. Kwa mbinu ya 16A ya shirika la mazingira la Marekani (EPA), ukiingiza haidrojeni salfaidi ya kiwango kinachojulikana, mtambo lazima ukurudishie kati ya asilimia 80 na 120 ya ulichoingiza.

Halafu kuna oksijeni. Namba ya ppm peke yake haina maana, kwa sababu hewa safi ikiingia dohanini kupitia ufa au feni, gesi inachujuka na namba inashuka ilhali uchafu unaotoka ni ule ule. Ni kama kuongeza maji kwenye chai: sukari haikupungua kikombeni. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinaweka kikomo cha ppm 5 kwa boila mpya za aina hii kwa gesi kavu, iliyosahihishwa kuwa na oksijeni asilimia 8. Hesabu yenyewe unaweza kuifanya mezani. Chukua kipimo, zidisha kwa (21 − 8), ambapo 21 ni asilimia ya oksijeni katika hewa ya kawaida, kisha gawanya kwa (21 − oksijeni iliyopimwa). Ikiwa ppm 4 yenu ilipimwa penye oksijeni asilimia 14 na haikusahihishwa, basi ni 4 × 13 ÷ 7, yaani ppm 7.4. Kikomo kimevukwa. Kama tayari imesahihishwa, hakuna tatizo. Ripoti isiyoeleza ni ipi kati ya hizo mbili haijakueleza kitu.

Wastani nao una yake. Kanuni hizo hizo huhesabu wastani wa saa 12. Boila ikivurugika saa moja ikatoa ppm 30, kisha ikatulia kwenye ppm 2 kwa saa 11, wastani ni ppm 4.3. Kiwanda kiko ndani ya sheria, na ile saa moja mtaa mzima umeamka. Mimi ningeomba namba za kila saa kabla ya kuomba kitu kingine chochote.

Kuhusu moshi mweupe mzito, ambao watu wengi huuogopa kuliko harufu: sehemu kubwa ni mvuke wa maji, na huo hutoweka baada ya umbali fulani kutoka dohani. Kinachobaki kama ukungu wa samawati baada ya mvuke kuisha ndicho cha kuulizia. Mara nyingi hilo ni vumbi laini sana la chumvi za sodiamu lililoponyoka kwenye kichujio cha umeme. Vumbi hupimwa kwa kuvuta sampuli kwa kasi ile ile ya gesi inayopanda dohanini, isipungue asilimia 90 wala kuzidi 110. Ukivuta polepole mno chembe kubwa huingia kupita kiasi, ukivuta haraka mno hupungua, na uzito wa vumbi lililonaswa kwenye kichujio cha sampuli unakuwa wa kubahatisha. Lakini hilo halihusiani na mayai viza yako.

Tukirudi kwenye harufu, nina shaka kwamba chanzo chako ni dohani. Kweli, ppm 5 ni ppb 5000, na inahitaji kuchanganyika na hewa karibu mara elfu kabla pua haijaipoteza. Ila dohani ndefu hutupa gesi ya moto juu sana, na kwa kawaida mchanganyiko huo hupatikana kabla haijashuka. Vyanzo vya chini ndivyo vinavyosumbua majirani: matundu ya matangi ya maji meusi, vali zinazovuja, na hasa mabwawa ya maji taka, ambamo vijidudu vinavyoishi bila oksijeni hutengeneza haidrojeni salfaidi mchana na usiku. Hakuna mtambo wa dohani unaoviona vyanzo hivyo. Usiku ardhi ikipoa, hewa baridi hulala chini na ile ya joto huifunika kwa juu, basi gesi ya bwawa hutambaa hadi milangoni badala ya kupanda. Jua likipasha ardhi, kifuniko hicho kinavunjika. Harufu ya alfajiri inayoisha asubuhi jua likiwaka inaelekea huko zaidi kuliko dohanini.

Kwa hiyo weka daftari: saa, upande upepo unakotoka, na ni yai au kabichi. Harufu ya yai inayokuja upepo ukitoka upande wa mabwawa ina uzito hata bila mita. Kisha mwombe msimamizi wa mazingira aweke mtambo wa hewa ya mtaani unaosoma ppb, kwa majuma kadhaa, pamoja na kipima upepo. Siku moja haitoshi, na bila upepo namba hizo hazitaonyesha gesi imetoka wapi. Kiwandani ulizeni mambo matatu: ppm 4 imesahihishwa kwa oksijeni ya asilimia ngapi, gesi ya kusahihishia inaingizwa wapi, na gesi za vinu vya kupikia huchomwa wapi tanuri la chokaa (linalochoma chokaa ya kurudishia kemikali za kupikia) linapozimwa kwa matengenezo. Swali hilo la mwisho mara nyingi hukuta watu wakitazamana, kwa sababu viwanda vingi huzichoma kwenye tanuri hilo hilo.

Na kifaa chako usikitupe. Ikiwa kuna siku yeyote wa mtaani ataajiriwa kusafisha shimo au tangi la maji taka, akivae. Kwenye ppm 100 haidrojeni salfaidi hufisha pua. Mtu anadhani harufu imeisha kumbe gesi imezidi.