Maswali ya wafugaji: Broila kwenye banda la kuvuta

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nipo Kibaha, huwa nafuga broila kama 40 hivi uani kwenye nyumba tunayopanga, ila harufu imewashinda majirani na mama mwenye nyumba ashaanza maneno. Sasa tuna kiwanja chetu hapo jirani, bado hatujajenga, kimejaa nyasi tu. Nimeona YouTube Wamarekani wanafugia broila kwenye kibanda kifupi hakina sakafu, kila siku wanakivuta mbele kuku wapate nyasi mpya. Hii kwetu inawezekana? Na ntaokoa chakula kiasi gani, mana chakula ndo kinatumaliza. Na vifaranga naweza kuwaingiza humo toka siku ya kwanza? – Msomaji, Kibaha

JIBU: Inawezekana dada, ila nianze na hilo la chakula mana naona ndo limekuvuta zaidi, na hapo ntakukatisha tamaa kidogo. Broila halishwi na nyasi. Atadonoa majani, atakula wadudu wawili watatu, afu anarudi kwenye kilishio anakaa hapo hapo, ndivyo alivyozalishwa. Kumfikisha kilo mbili hivi kwa wiki sita bado utahesabu chakula kama kilo tatu na nusu kwa kuku mmoja, kwa hiyo kuku wako 40 ni kama kilo 140, karibu mifuko mitatu ya kilo 50, awe ndani awe nje. Ukipunguza chakula kisa wapo kwenye majani utabaki na kuku wadogo wa wiki nane. Unachookoa ni maranda, kazi ya kufagia banda, na hiyo harufu inayokugombanisha na watu, mana kinyesi kinabaki nyuma kwenye udongo kila siku badala ya kurundikana sehemu moja. Na kiwanja kinapata mbolea, ukija kupanda mchicha hapo utaona. Kama unataka kuku wa kuparua kweli chukua chotara, Sasso au Kuroiler, ila hao ujiandae kukaa nao miezi mitatu na kuendelea.

Hao uliowaona YouTube wengi wanamfuata Joel Salatin, mkulima wa Virginia. Kibanda chake kina kama mita 3 kwa 3.6, kimo kama sentimita 60, na anaweka kuku 75 hivi. Usikopi. Kile ni kikubwa, kukivuta ni shughuli, na kwa joto la Pwani sikushauri ubananishe kuku hivyo. We tengeneza mita 2 kwa 3, kwa hesabu yake wangeingia 40 ila we weka 30, hao kumi wengine watengenezee kadogo kao au punguza vifaranga. Mwambie fundi atumie mbao nyepesi, chini aweke mbao mbili ndefu za kuteleza kama reli, na kamba mbele. Nusu ya juu bati, ikiwezekana lipakwe rangi nyeupe au litandikwe makuti mana bati tupu saa saba mchana litakuulia kuku, nusu nyingine wavu. Ukiona kuku wamefungua midomo wanahema na mabawa wameyaachia ujue joto limezidi, ongeza maji ya baridi na kivuli hapo hapo, usingoje jioni. Ndo mana batch ya kwanza ningekwambia uipange Juni mpaka Agosti, jua limepoa na mvua hakuna. Masika usithubutu, broila akilala kwenye tope tumbo linalowa anaanza kufa mmoja mmoja.

Vifaranga siku ya kwanza hapana kabisa. Wakae bruda kwanza, yaani sehemu ya kulelea vifaranga yenye joto, wiki tatu, wiki ya kwanza joto nyuzi 33 mpaka 35 afu unashusha mbili tatu kila wiki mpaka manyoya yajae. Wakitoka wana wiki tatu unabaki nao wiki tatu au nne tu nje, kwa hiyo eneo halitakusumbua: siku 28 mara mita 6 za mraba ni 168, yaani kipande cha mita 12 kwa 14 kinatosha na hurudii sehemu.

Kuvuta sasa, hapa ndo watu wanaumiza kuku. Vuta asubuhi umande ukikauka, kabla hujawapa chakula, wakiwa na njaa watatembea wenyewe kufuata majani mapya. Vuta kidogo kama hatua moja, simama, angalia nyuma, mana broila wa wiki tano ni mzito na mvivu, anakaa mpaka ubao wa nyuma unamfikia mguuni. Mwenzio akae nyuma awasukume kwa mkono. Vilishio viweke mbele ukishamaliza. Ukiruka siku moja wakiwa wakubwa utaona wenyewe, nyasi zimelala, pananuka, na hapo faida yote imeisha.

Mwewe bati na wavu vinamzuia. Nguchiro na kicheche wanapita chini au wanamvuta kuku kichwa kupitia tundu, kwa hiyo sentimita 30 za chini weka wavu wa matundu madogo na ziba kila bonde kwa mawe. Ila dada, kinachonitisha zaidi kwako ni mwizi wa miguu miwili. Kiwanja hakina mtu, kibanda ni chepesi. Kama hakuna atakayelala hapo, bora usianze. Na mteja wa chipsi akija na tenga lake hatakuongezea hata mia kwa sababu kuku kala majani, bei ni ile ile.

SWALI: Jirani ananiambia kuku wanaokaa nje kwenye hewa safi hawahitaji chanjo, kideri ni cha kuku waliofungiwa. Ni kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Siyo kweli. Kideri kinaletwa na kuku wa kienyeji wa jirani, ndege, viatu vyako, matenga ya wachuuzi, wavu hauzuii. Chanja kama kawaida, wengi wanaenda na kideri siku ya 7, gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi wa kuku) siku ya 14, kideri tena siku ya 21, ila hakikisha na ofisa mifugo wa kata yako. Wanyime maji saa moja au mbili kwanza, chanjo ichanganye kwenye maji yasiyo na klorini, waimalize ndani ya saa mbili, asubuhi kabla jua halijawaka. Iliyobaki usiweke ya kesho, imwage shimoni ufukie.